Fundi Aliyekataa Rangi Juu ya Kutu

Ijumaa ya pili baada ya Idi ndogo tulimzika Fundi hapa Likoni, na tangu siku hiyo hakuna tena mtu wa kuniambia kwamba kazi yangu ni uongo unaong'aa. Wengine wamepoteza mume, baba, jirani. Mimi nimepoteza mtu aliyenitukana kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, na sijui asubuhi zenyewe nizifanyie nini.

Alikuwa fundi wa bodi. Mimi ni fundi wa rangi. Kwa asiyejua gereji, gari likigongwa au likiliwa na kutu, yeye ndiye anayekata, kunyoosha na kuchomelea bati, kisha mimi napaka rangi ili mwenye gari asahau kilichotokea. Tulikuwa na uwanja mmoja kando ya barabara ya Mtongwe, na chumvi ya bahari ilikuwa mshirika wetu wa tatu, ambaye hakuwahi kuumwa wala kwenda likizo. Magari ya huku huoza kuanzia chini. Juu yanang'aa, chini unaweza kuona lami.

Fundi alikuwa na sheria moja, na aliitangaza kama vile imeteremshwa kwake peke yake: rangi haipakwi juu ya kutu. Kutu hukwanguliwa mpaka bati lionekane jeupe, na pasipobaki bati, hukatwa na kutiwa jipya. Mteja akisema ana haraka, Fundi alimwelekeza kwa heshima zote kwa mafundi wengine, wanaojaza mashimo kwa fila, ule unga mzito unaogandishwa na kupigwa msasa hadi mtu asijue.

Namna yake ya kukagua gari ilikuwa hii. Alishika bisibisi kwa upande wa chuma, akagonga bodi kwa mpini, huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango wa jirani. Bati lililo hai hulia. Fila hutoa sauti iliyokufa. Alizunguka gari zima akisema, "Bati. Bati. Bati. Fila." Mteja mmoja wa Nyali, mwenye gari kubwa na miwani mikubwa zaidi, alikasirika.

"Gari hili nimelinunua juzi, mzee. Halijawahi kuguswa."

"Ni kweli," Fundi akamjibu. "Halijaguswa. Limetengenezwa upya lote. Hebu egemea mlango huo, lakini usiegemee sana, bwana wangu, utaingia ndani bila kufungua."

Yule bwana aliondoka na gari lake na sisi tukabaki na sheria yetu. Siku hiyo hatukula mchana. Fundi alisema njaa ya mtu mkweli ni tamu. Nilimwambia mimi siisikii utamu wowote, akaniambia ni kwa sababu mimi ni mtu wa rangi.

Hivyo ndivyo alivyoniita, Rangi. Jina langu sidhani kama alikuwa akilikumbuka.

Watu walimsifu pia kwa ibada. Tulipokwenda Changamwe kutafuta bati la mitumba, tulivuka feri na kuendelea, na njia nzima Fundi hakuupita msikiti wowote bila kuingia. Kila mnara alioona, "Nishikie hili," ananipa sanduku la vifaa, anavua viatu, anaingia. Mimi ni Mkristo, mzaliwa wa Kaloleni, kwa hivyo nilimngoja nje, nimelikumbatia sanduku kama mtoto wa kulea. Wapita njia walimwangalia wakasema, mashallah, mzee huyu. Mimi nilianza kushuku pale nilipogundua kwamba anatoka kabla waliokuwa ndani hawajamaliza rakaa ya kwanza.

"Wewe wasali haraka sana, Fundi," nilimwambia siku moja.

"Mungu ananijua. Hatuna haja ya maelezo marefu."

Alikuwa akienda chooni. Alijua vyoo vyote vya misikiti kutoka Mtongwe hadi Changamwe, kipi kina maji, kipi kina mlango, kipi kina mzee anayekohoa kukuharakisha. Kwenye feri alisimama karibu na lango la kutokea, tayari kukimbia, na watu wakadhani ana shughuli za maana mjini. Mkojo ulikuwa ukimjia kila mara na ukifika hautoki, au unatoka tone tone na moto ndani yake. Chini ya kinena kulikuwa na maumivu ambayo huja, hukaa wiki, huondoka, na kurudi kama mpangaji aliyeacha godoro lake.

Haya aliniambia mimi tu. Si kwa sababu alinipenda. Alihitaji mtu wa kutumwa.

Hapa ni lazima nieleze mambo ya kwetu, kwa sababu mgeni atauliza kwa nini mtu mzima hakwenda hospitali. Huku kwetu mwanamume akisema anaumwa akikojoa, ugonjwa ni mmoja tu na unajulikana ulikopatikana. Hakuna atakayemuuliza mkojo una rangi gani, ataulizwa alikuwa kwa nani. Fundi alikuwa baba wa mabinti watatu na babu, safu ya mbele msikitini, mtu wa kusuluhisha ndoa za wengine. Asimame dukani kwa muuza dawa, mbele ya foleni ya akina mama wenye watoto, aseme anawashwa wapi? Afadhali afe. Na neno hilo, afadhali nife, alilisema kwa mzaha mara nyingi sana.

Kwa hivyo nilikwenda mimi. Mimi sikuwa na safu ya mbele ya kupoteza. Nilimweleza muuza dawa hali ya Fundi kama yangu, akanitazama kwa huruma iliyochanganyika na furaha, akanipa kapsuli na mawaidha. Mara ya pili alinipa mawaidha kwanza. Baada ya miaka michache alikuwa akiniona tu mlangoni, anatikisa kichwa na kuzitoa rafuni. Mtaa mzima ulijua mimi ni mgonjwa sugu wa kisonono. Habari zilisafiri mpaka Kaloleni, mke wangu akapanda gari kuja kuniuliza. Nilimwambia ukweli. Akasema, "Basi mwambie huyo rafiki yako mwenye heshima akuombee na wewe." Kisha akaihifadhi siri vizuri kuliko sisi tulioianzisha.

Fundi alizimeza siku tatu. Maumivu yakipungua, zilizobaki alizitia kwenye kopo tupu la fila, pale juu ya rafu, zingoje safari ijayo. Mtu huyohuyo. Aliyemfukuza bwana wa Nyali kwa kutaka kufunika kutu. Nilimwambia karatasi inasema zimezwe mpaka ziishe.

"Karatasi imeandikwa na wauza dawa," alisema. "Watasema vipi?"

Siku hizo nilicheka. Ninaandika hivi kwa sababu nilicheka.

Wazee wa kahawa, ambao tulikuwa tukiketi nao alasiri, waliona anavyoketi upande upande wakampa jibu bila kuombwa: ni ngiri. Huku ngiri ni neno la kazi nyingi. Mgongo ni ngiri, tumbo ni ngiri, hasira ni ngiri. Aliletewa mizizi ya kuchemsha, michungu kiasi kwamba alisema kama ugonjwa una akili utahama. Haukuwa na akili. Halafu serikali ya kaunti ilileta hema kwenye uwanja wa mtaa, wanaume wapimwe bure tezi dume, ile tezi ndogo iliyo chini ya kibofu. Wanaume wa Likoni walilizunguka hema lile kwa mbali kama lina mbwa, kwa sababu ya habari za kidole cha daktari kinachopimia nyuma. Fundi alisimama ng'ambo ya barabara akatoa hotuba.

"Mimi mwenyewe ndiye mkaguzi," alisema. "Mkaguzi hakaguliwi."

Watu walipiga makofi. Alikuwa mchekeshaji mzuri, Mungu amrehemu.

Lililomuuma kuliko maumivu ni sala. Matone yalikuwa yakimtoka baada ya kutawadha, naye akaamini udhu wake haukai na sala zake zote zinarudi. Alihama safu ya mbele akaenda ya kati, kisha ya nyuma, karibu na mlango. Watu walisema amekasirishwa na kamati ya msikiti. Kamati ikasema ana kiburi. Mwishowe alikwenda kumwuliza shehe, lakini si kwa ajili yake, la hasha. Alisema kuna rafiki yake Mkristo, fundi wa rangi, anataka kusilimu ila ana ugonjwa wa matone, je, sala yake itafaa?

Shehe alimjibu vizuri sana. Mtu wa namna hiyo hutawadha kila wakati wa sala unapoingia, akasali, na sala yake ni sahihi, Mungu hamtwishi mtu asichoweza. Fundi alirudi gereji uso umemnawiri.

Mimi nilianza kusalimiwa na shehe kwa mikono miwili, nikapewa na kitabu kidogo cha mafunzo. Kwa hivyo nilikuwa na ugonjwa wa Fundi na uongofu wa Fundi, yeye akabaki na heshima. Nilipomlalamikia, alisema, "Kazi yako si kufunika? Nifunike."

Nisije nikamfanya mtu mbaya. Alinifundisha kuchomelea, bila kudai chochote, mwaka ule mapafu yangu yalipochoka na harufu ya rangi. Aliwaambia mafundi wote barabarani kwamba hakuna mkono mwepesi kama wangu pwani nzima, na mimi nilikuja kuyasikia haya kutoka kwa wengine, kwa sababu yeye mbele yangu alisema nazagaza rangi kama kuku aliyekanyaga unga. Mwongo alikuwa katika jambo moja tu. Bahati mbaya ndilo lililokuwa likimla kwa ndani.

Siku ilipofika, aliniita nyuma ya gari. "Rangi," akasema kwa sauti ya chini, "mkojo umekuwa mwekundu."

Nikamwuliza, "Mwekundu gani?"

Naapa ndivyo nilivyouliza. Miaka yote hiyo ya kazi, na ndilo swali lililonijia. Akanitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika mgongo. Mgongo nao ulikuwa ukimuuma miezi kadhaa, tukausingizia kuinama.

Hospitali alitaka kwenda na mimi, si mkewe. "Yeye atalia," alisema. "Wewe utanyamaza." Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, rika la binti yake wa mwisho. Kidole alichokikimbia kwa miaka kilimaliza kazi yake kabla sijapata pa kuketi. Ikafuata damu, wakakata na vinyama vidogo vya kupima, zikafuata picha za mifupa. Tuliporudi kwa majibu, daktari alituambia ni saratani ya tezi dume, imekwisha kutoka kwenye tezi na imefika kwenye uti wa mgongo.

Fundi aligonga meza kwa kifundo cha kidole mara mbili, akasikiliza. "Imeanzaje?" akauliza. "Nimeumwa pale miaka mingi. Ndiyo hiyo hiyo?"

Daktari hakumdanganya, na namshukuru, ingawa siku ile nilitamani amdanganye. Alisema vile vinyama vilionyesha pia tezi iliyokuwa imevimba na kuwaka ndani kwa ndani kwa muda mrefu. Kila uvimbe ukiwaka, mwili unaumia na kujirekebisha. Seli mpya zinatengenezwa haraka haraka kuziba zilizokufa, katikati ya moto uleule. Ukirekebisha pahali pamoja miaka na miaka, makosa huingia katika matengenezo, na kosa moja linaweza kukataa kuacha kukua.

"Kama bati lililochomelewa mara nyingi pahali pamoja," Fundi akasema. "Linapoteza tabia yake. Haliwi tena bati."

"Karibu hivyo, baba," daktari alisema. "Lakini nasema huenda. Wanaume wengi wana uvimbe huo na hawapati saratani kamwe. Wengine wanapata saratani bila uvimbe wowote. Kuna umri, kuna ukoo. Bado wanaochunguza hawajamaliza."

"Huenda," Fundi akarudia, kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Katika kazi yake neno hilo halikuwepo. Bati au fila.

Alipotoka kwenda chooni, nilibaki nyuma. Nilimweleza daktari habari za kapsuli, siku tatu tatu, na kopo. Nikamwuliza: mimi ndiye niliyezileta, je, ni mimi? Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Alisema mara nyingi uvimbe wa namna ile hausababishwi hata na vijidudu, kwa hivyo huenda kapsuli hazikuwa na la kufanya, hata angezimaliza. Alichokosa ni kuonwa mapema.

"Kapsuli zilimpa nafuu kidogo," alisema, "na nafuu ikamfanya asije."

"Kwa hivyo ni mimi."

"Sijui, kaka. Huenda angekuja. Huenda asingekuja."

Nilitoka na huenda zangu mbili. Bado ninazo. Watu waliokuja matangani walinipa pole na kusema ni kazi ya Mungu, na mimi niliitikia. Mungu hakuwahi kutumwa kwa muuza dawa.

Alitibiwa kwa sindano za kupunguza homoni, na kwa muda alipata nafuu ya kweli, akarudi gereji kukosoa. Gari la kwanza alilolikuta nimelipokea akaligonga, akagonga na kifua chake mwenyewe. "Lile bati," akasema. "Hii fila." Nilimwambia anyamaze. Alinyamaza, jambo lililonitisha zaidi.

Mwezi wa mwisho hakuja tena. Nilikwenda kwake nikitoka kazini, mfuko wa vifaa begani, nikamkuta barazani ameegemea mito, fimbo kando. Nilikuwa nimekusudia kukiri, nikakiri. Nilimwambia ni mimi niliyemletea zile dawa, ni mimi niliyecheka.

"Na aliyemeza ni nani, shemeji yako?" aliuliza. Mkewe alikuwa mlangoni. Ndiyo mara ya kwanza niliyomsikia akizungumza habari hizi mbele yake. "Usijipe ukubwa, Rangi. Wewe ulitumwa." Halafu akanikazia macho. "Na wewe? Waenda chooni mara ngapi?"

Niliisogeza fimbo yake mpaka ukutani.

"Nilikuona kwenye matibabu yangu. Wewe msindikizaji, safari zako za chooni zilikuwa nyingi kuliko zangu. Umepimwa?"

"Bado."

"Una umri gani?"

"Wajua umri wangu, Fundi."

"Mama," akamwita mkewe, "nipe viatu. Na umwitie tuktuk huyu mkaguzi asiyekaguliwa."

Tulimkataza sote wawili. Alikwenda. Kila shimo la barabara alilitaja kwa jina baya. Zahanatini aliketi kwenye benchi nje, akasema, "Lete hilo," akachukua mfuko wangu wa vifaa, akauweka mapajani akaukumbatia. Nilipotoka nilimkuta vilevile, jasho likimtiririka kwa maumivu, mfuko haujagusa chini.

"Wamekwambia nini?"

"Nirudi Alhamisi."

"Utarudi?"

"Nitarudi."

"Sema wallahi."

"Mimi Mkristo, Fundi."

"Shehe anajua vingine. Sema."

Nikasema.

Alhamisi nilirudi. Kipimo cha damu kilikuwa juu kidogo. Wakasema huenda ni uvimbe tu, kwa sababu uvimbe nao hupandisha kipimo, watautibu kwanza, kisha wapime tena. Walinipa dawa za wiki nne na kuniambia nizimeze mpaka ziishe. Nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi. Alikuwa ndani, kitandani, amekuwa mdogo. Nikamwambia walivyosema, pamoja na ile huenda.

Alinyoosha mkono akanivuta karibu. Akanigonga begani kwa kifundo cha kidole, polepole, mara mbili, akainamisha kichwa kwenye mto kusikiliza.

"Bati," alisema.

Alipumzika kidogo. Mkewe alikuwa ukumbini na wageni wanne wa msikitini, wazee wa safu ya mbele, pazia likiwa wazi. Fundi aliwatazama, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia:

"Rangi, nishike. Mkojo umenijia na siwezi peke yangu."

Nikamshika. Tulipita katikati yao, hatua kwa hatua, na tulipofika chooni hakuniambia nifunge mlango.